Kuchagua Shule ya Serikali Mashambani: Nasaha kwa Wazazi wa Kwale

Mzazi wa mjini atakaye kumchagulia mwanawe shule hana uhaba wa habari. Taabu yake ni wingi wake, maana mabango yamesimama kila njia panda, vikaratasi vya sifa hugawiwa nje ya misikiti na makanisa, na mabasi ya manjano hupita mbele ya mlango wake yakiwa yameandikwa ubavuni majina ya shule na nambari za simu. Mzazi wa mashambani katika kaunti ya Kwale, tangu vijiji vikavu vya Kinango na Samburu hadi kwenye minazi na mikorosho ya Msambweni na Lunga Lunga, hana hata kimoja katika hivyo. Alicho nacho ni uvumi, na uvumi wa shule una tabia ya kuishi miaka mingi baada ya sababu yake kufa: shule iliyotoa mtoto mmoja hodari zamani bado husifiwa, ingawa mwalimu aliyemfundisha alikwisha hamishwa; na shule iliyowahi kupata mwalimu mkuu mzembe bado hutajwa kwa kebehi, ingawa mzembe huyo amestaafu na aliyemrithi hukesha akisahihisha madaftari.

Nia yangu katika makala haya ni kumpa mzazi wa namna hiyo, ambaye hana fedha za shule ya kibinafsi wala hana haja ya kuzitamani, njia ya kupima shule mbili tatu za serikali zilizo karibu naye kwa macho na masikio yake mwenyewe. Shule hizo zote hufuata mtaala mmoja, na walimu wake walio wengi hulipwa na mwajiri mmoja. Kwa hiyo tofauti baina yake haimo katika jina wala katika rangi ya ukuta, bali imo katika mambo machache ambayo mtu yeyote aweza kuyatambua akijua mahali pa kutazama.

Yafaa kwanza kufahamu nani ana dhamana ya nini, maana lawama ikipelekwa kusikohusika hurudi mikono mitupu. Kwa Katiba ya 2010 elimu ya chekechea iliwekwa chini ya serikali ya kaunti, na kuanzia Gredi ya 1 kwendelea ni kazi ya serikali kuu, hata kama madarasa hayo yote yamo ndani ya ua mmoja na watoto hao wote hucheza chini ya mwembe mmoja. Walimu wa gredi huajiriwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu. Darasa jipya lenye bati jekundu na jina la mbunge kwa herufi kubwa aghalabu limejengwa kwa fedha za CDF, yaani hazina ya maendeleo ya eneo bunge, ambayo yaweza kusimamisha kuta lakini haiwezi kumleta mwalimu wa TSC hata mmoja wa kusimama baina ya kuta hizo. Kuna wazazi wanaohamia shule kwa ajili ya bati hilo. Bati ni jambo jema, hasa katika masika, ila halimfundishi mtoto kutoa wala kujumlisha. Kadhalika msaada wa mfadhili: machimbo ya titani yaliyokuwa Msambweni yalijenga madarasa na kusomesha wanafunzi kwa basari katika miaka yake, kisha yakafungwa mwishoni mwa 2024, na shule iliyo jirani na mfadhili wowote sharti iulizwe mapema itasimamaje siku mfadhili huyo atakapofunga virago.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi hulitazama kabla ya mengine yote, nami ningependa walitazame baada ya mengine yote, nalo ni wastani wa mtihani. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulitujengea mazoea ya kuita shule nzuri au mbaya kwa nambari moja iliyosomwa redioni au kubandikwa ukutani, na mazoea hayo hayakuzikwa pamoja na mtihani wenyewe. Tazama hesabu yake. Chukua shule ndogo yenye watahiniwa 18, ambao wastani wao ni alama 230 kati ya 500. Akitoka mmoja wao aliyepata hizo 230, na mahali pake akaingia mtoto mmoja mwerevu aliyepata 410, wastani wa shule nzima hupanda kwa alama 10, ilhali wale 17 waliobaki hawakujua neno moja zaidi ya walivyojua jana. Katika shule ya watahiniwa 120, mtoto yule yule angaliupandisha wastani kwa alama moja na nusu tu. Basi shule ndogo yaweza kuruka juu mwaka huu na kuanguka mwakani bila ya mwalimu kubadili chochote, na wazazi wakafunga safari ya kuihamia au kuihama kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye pengine amekwisha kwenda zake.

Fauka ya hayo, wastani una mlango wa nyuma. Shule ikitaka kung'aa bila ya kufundisha, njia iliyo nyepesi ni kuwapunguza walio dhaifu kabla ya mtihani: huyu ashauriwe arudie darasa, yule aambiwe akajiandikishe kwengine, na wa tatu aachwe tu aone haya mpaka akome kuja mwenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kurudishwa nyuma darasa, lakini mashauri yanayotolewa ofisini, kwa sauti ya upole, mbele ya mama asiyejua sheria, hayaandikwi popote. Kwa hiyo usiulize watahiniwa walipata nini kabla ya kuuliza walikuwa wangapi. Mwombe mwalimu mkuu akueleze wale walioingia Gredi ya 1 pamoja miaka mitano iliyopita wako wangapi leo katika Gredi ya 6. Na ikiwa walianza, mathalan, 70 na sasa wamebaki 31, uliza wale 39 wako wapi. Huenda jibu likawa la haki, kwa maana ukame huhamisha watu na mifugo yao, na watoto hufuata wazazi. Lakini mwalimu mkuu anayewajua watoto wake atakujibu kwa majina ya vijiji walikokwenda, na asiyewajua atakujibu kwa hasira. Hata jibu hilo la pili ni habari.

Baada ya hapo jaribu kipimo ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Utafiti wa Uwezo, ulioanza nchini Kenya mwaka 2009, haukuwapima watoto darasani bali majumbani mwao, kwa hadithi fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Nao ulidhihirisha mara kwa mara kwamba watoto wengi waliofika darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi hiyo. Wewe nawe waweza kufanya vivyo hivyo ukiwa umekaa barazani pako. Tafuta kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 2, uwaite watoto wawili watatu wa Gredi ya 4 kutoka kila shule unayoifikiria, uwape kila mmoja ukurasa asome. Usimwache aanze juu ya ukurasa, kwa kuwa mwanzo wa kila hadithi watoto wameukariri kwa kuimba pamoja darasani. Mwanzishie katikati, na picha uifunike kwa kiganja. Mtoto aliyefundishwa kusoma atakwama, atarudi nyuma, atatamka silabi kwa silabi, kisha neno litatoka zima na uso wake utakunjuka. Aliyefundishwa kukariri atasema sentensi nzima bila kituo, nzuri na yenye lafudhi, ila kidole chake kitakuwa kimeshika mstari mwengine kabisa. Watoto hao wachache, wasiochaguliwa na mwalimu, watakueleza habari za shule zaidi ya kikombe chochote kilichowekwa kabatini ofisini.

Na hapa lipo jambo la lugha. Sera ya serikali ni kwamba katika gredi za chini mtoto afundishwe kwa lugha inayosemwa mahali pale, ambayo kwetu ni Chidigo au Chiduruma, au Kiswahili pale watu walipochanganyika. Uliza kama mwalimu wa Gredi ya 1 anaijua lugha hiyo, au kama yuko mwenziwe wa kumsaidia. Mtoto wa miaka 6 ambaye mwaka mzima haelewi anachoambiwa hawezi kulaumiwa kwamba ni mzito wa akili.

Kisha nenda shuleni. Usiende siku ya kufungua, wala siku ya mkutano wa wazazi, wala siku mgeni wa heshima anapotarajiwa, maana siku hizo kila shule huvaa nguo ya Idi. Nenda Jumanne au Jumatano, katikati ya muhula, baina ya saa nne na saa sita mchana. Piga hodi ofisini kwa adabu, useme wewe ni mzazi unayetafuta nafasi, na unapopelekwa kwa mwalimu mkuu pita polepole mbele ya madarasa. Hesabu ni mangapi yana mwalimu ndani. Serikali hutaja kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 40, lakini kiwango hicho ni mgawanyo wa karatasini. Shule yaweza kuwa na walimu 9 kwa jina, na siku hiyo mmoja yuko mkutanoni, wa pili yuko likizo ya uzazi, wa tatu yuko njiani kutoka Ukunda kwa bodaboda iliyokwama topeni. Kwa sababu hiyo mimi huulizia sana nyumba za walimu. Walimu wa sehemu ngumu huongezewa marupurupu ya mazingira magumu, na bado, mahali pasipo chumba cha kupanga wala maji, mwalimu hukaa mjini na kusafiri kila siku, na mvua kubwa ya kwanza ndiyo humwandikia ruhusa. Shule yenye walimu wanne wanaolala kijijini, ambao mke wa mmoja wao huuza mandazi langoni na mtoto wa mwengine yumo katika darasa lile lile, aghalabu huishinda shule yenye walimu wanane wa safari.

Ukiwa ofisini omba kuonyeshwa madaftari ya watoto wa gredi unayoitaka, matatu tu, na uchague wewe. Tazama tarehe. Daftari lenye kazi ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kila kazi ikiwa na alama ya kalamu nyekundu na chini yake masahihisho kwa mkono wa mtoto, ni ithibati ya mwalimu anayefika na anayesoma anachoandikiwa. Daftari linaloruka kutoka tarehe 4 hadi tarehe 19 lina kisa chake. Na lile lenye vyema vikubwa vyekundu juu ya majibu yasiyo sahihi lina kisa kibaya zaidi, kwani humfundisha mtoto kuamini kosa.

Mambo ya mwili hayapaswi kudharauliwa na watu wa kalamu. Katika Kinango, ambako mabwawa hukauka na mama huamka alfajiri kutafuta ndoo moja, shule isiyo na tangi la maji ni shule ya nusu siku. Uliza habari ya chakula: mpango wa serikali wa kununua chakula cha shule kwa wakulima wa humu nchini ulianza mwaka 2009, lakini mpango na sufuria ni vitu viwili, basi swali lako liwe ni siku ngapi za muhula uliopita moto uliwashwa jikoni, na mpishi ndiye mtu bora wa kuulizwa. Vyoo nenda ukavione. Kanuni ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Ukikuta matundu manne kwa wasichana 200, na mlango mmoja umeng'oka, umekwisha jua kwa nini wasichana wa Gredi ya 7 hukosa siku kadhaa kila mwezi. Tangu 2017 sheria imeiwajibisha serikali kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, kwa hiyo usione haya kuuliza kama zilifika na nani aliyezigawa. Na mwenye binti aulize pia shule imewapokea tena wasichana wangapi waliopata mimba wakajifungua, kwa maana miongozo ya 2020 inawapa haki ya kurudi masomoni. Shule inayojibu kwamba kwake jambo hilo halijapata kutokea ama imebahatika mno au huwafukuza kimya kimya.

Njia nayo ni sehemu ya shule. Mito ya Ramisi, Umba na Mwache hupitika kwa miguu miezi fulani, na miezi mingine haipitiki. Na watu wa pembezoni mwa Shimba Hills na hifadhi ya Mwaluganje hawahitaji kuambiwa na mimi maana ya mtoto kuondoka nyumbani giza lingalipo katika nchi ya ndovu. Itembee njia hiyo wewe mwenyewe, kwa mwendo wa mtoto na si kwa mwendo wako, huku ukikumbuka kwamba wengi wa watoto wetu wakitoka shuleni jioni huwa bado wana madrasa mbele yao. Saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi, kwa mtoto wa miaka 7 aliyekunywa chai ya mkandaa, hunyang'anya masomo zaidi ya mwalimu hodari awezavyo kurudisha.

Katika habari ya fedha nitakuwa mfupi, ila hesabu moja ni lazima. Kiwango kilichotangazwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule ya watoto 150 hupata shilingi 213,000, na ya watoto 900 hupata 1,278,000. Lakini zote mbili zina mlinzi mmoja, paa za kuziba na chaki za kununua. Ndiyo maana shule ndogo, hata ikiwa na mwalimu mkuu mwaminifu kama mizani, huomba wazazi mara kwa mara, ya mlinzi, ya karatasi za mtihani, ya mwalimu aliyeajiriwa na bodi kuziba pengo la TSC. Sheria inakataza kutoza karo ya masomo katika shule ya umma, lakini michango haikomi. Waulize wazazi wawili wenye watoto hapo walitoa jumla ya kiasi gani mwaka uliopita, pamoja na sare, na kama walipewa risiti. Shule inayotoa risiti ya shilingi 50 ni shule ya kuaminiwa.

Mtoto akifika Gredi ya 7 kipimo hubadilika, kwani sekondari msingi, iliyoanza mwaka 2023 ndani ya viwanja vya shule za msingi, ina masomo 9, na shule nyingi za mashambani zilianza na walimu wachache mno, baadhi yao wanagenzi wa mikataba ya muda. Hapo swali ni moja: nani anafundisha sayansi na hesabu, na je, alisomea masomo hayo? Mwalimu wa historia aliyepewa sayansi kwa sababu ndiye aliyekuwapo hana lawama, lakini mwanao atakuwa na hasara, kwa maana nafasi ya Gredi ya 10 hupimwa kwa sehemu tatu: tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, kazi za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na tathmini ya KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Uliza pia vifaa vya majaribio viko wapi. Ikiwa vimo ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo haujulikani uko kwa nani, hesabu kwamba havipo. Baadaye, katika sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 kwendelea, mwanafunzi hufuata njia moja kati ya tatu, ya sayansi na teknolojia, ya masomo ya jamii, au ya sanaa na michezo, na si kila shule ina zote. Basi mtoto mwenye mwelekeo wa fundi au daktari hawezi kungoja Gredi ya 9 ndipo aanze kutafutiwa mwalimu wa sayansi.

Yapo mengine ambayo nayagusa tu. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na watoto watakuambia wenyewe kama shule imesikia. Mwenye mtoto asiyeona vizuri au asiyesikia asikubali jibu la papo hapo. Ampeleke kwanza akapimwe katika kituo cha uchunguzi wa elimu cha kaunti ndogo, kisha atafute shule yenye kitengo na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, hata ikiwa mbali. Mzazi wa Kiislamu aulize kama yupo mwalimu wa somo la dini yake au watoto hukaa nje kipindi hicho, na mzazi wa Kikristo vivyo hivyo mahali ambapo yeye ndiye mchache.

Sasa tuseme umekwisha zunguka, na shule zimebaki mbili: moja iko mbali, ina jina na wastani mzuri na lango la chuma, nyengine iko karibu, haina sifa, lakini walimu wake uliwakuta darasani, madaftari yana tarehe, na watoto wake walisoma ukurasa kutoka katikati. Mimi kwa mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 6 sina tashwishi: mpeleke kwenye ile ya karibu. Kwa Gredi ya 7 kwendelea nitakubali umbali, na hata gharama ya kumkalisha kwa shangazi yake, ikiwa kule kuna mwalimu wa sayansi na huku hakuna. Wala usimhamishe mtoto katikati ya mwaka kwa sababu ya nambari moja iliyokufurahisha au kukuudhi.

Ukisha kuchagua, kazi haijaisha, kwa maana Bodi ya Usimamizi ya shule ina viti 6 vya wawakilishi waliochaguliwa na wazazi, na bodi ndiyo hupitisha michango na kuajiri walimu wa kuziba mapengo. Viti hivyo mara nyingi huwaendea watu wale wale, kwa kuwa siku ya uchaguzi wazazi walio wengi huwa shambani au sokoni. Siku hiyo ikitangazwa, mzazi mwenzangu, acha jembe uende ukapige kura.